Oili Haimwagwi Yote

Baba yangu hakukubali hata siku moja oili ya gari imwagwe yote. Nalisema mapema kwa sababu bado linanikera, ingawa miaka imepita mingi na mwenyewe ameshazikwa. Ukinikuta leo ninamgombeza mtu barabarani kwa moshi wa gari lake, ujue simgombezi yeye.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya petroli. Baba aliinunua kwa fedha za kahawa, miaka michache baada ya vita vya mpakani, kutoka kwa wamisionari waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Ilipofika kwetu Mabira ilikuwa imeshatembea kilomita laki mbili na ushee. Baada ya hapo mita ikafa, kwa hiyo umri wake halisi anaujua Mungu. Ilikuwa inakula oili. Asubuhi ukiiwasha, moshi wa bluu ulifunika migomba yote ya mbele, na kuku walikimbilia jikoni.

Hatukuinunua kwa maringo. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi alitakiwa kwenye kliniki ya hospitali ya misheni, safari ya karibu nusu siku. Basi halikupita kwetu. Miguu yake ilikufa ganzi, na mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda ambacho kilifunga na kufunguka kama duka la kijijini. Pikapu ikisimama, mama hafiki. Wote nyumbani tulilijua hilo, ndiyo maana kila mmoja alijiona ana haki ya kuamua habari za oili.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kimuli, na nilikuwa na kitabu. Kilikuja na gari, kwa Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na jedwali lililoonyesha oili ya namba gani inafaa kwa joto gani, na imwagwe baada ya maili ngapi. Kwa kuwa mita ilikuwa imekufa, nilihesabu kwa kliniki za mama: kliniki tatu, oili mpya. Nilijiona nimevumbua kitu.

Baba hakuhesabu. Yeye alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye jani la mgomba, akakirudisha, akakichomoa tena. Ikiwa imepungua, aliongeza. Ikiwa haijapungua, alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Tata," nilimwambia siku moja, "hii imekuwa nyeusi tititi. Lazima imwagwe yote."

"Yote?" Alicheka kidogo. "Mwanangu, wewe umesoma, lakini umewahi kusuka maziwa?"

Nikajua nimekwisha. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe kabla hajawa mtu wa kahawa, na hoja zake zote ziliishia kwenye maziwa.

"Kwenye kibuyu huwa tunabakiza kidogo," alisema. "Kile kidogo cha jana ndicho kinachogandisha ya leo. Ukisuuza kibuyu kikawa cheupe, maziwa mapya yanakaa humo kama mgeni asiyekaribishwa. Injini nayo imezoea yake. Acha nusu, imfundishe mgeni."

"Injini si ng'ombe, Tata."

"Ng'ombe nani amemtaja? Nimesema kibuyu."

Kwa hiyo tulimwaga nusu. Mimi nililala chini ya gari nikafungua nati, yeye akasimama pembeni kanyoosha mkono, na oili kwenye karai ilipofika alipotaka alisema, "Basi!" Hapo nilitakiwa kuirudisha nati huku oili ya moto ikitiririka mpaka kwapani. Nina kovu. Nikivua shati watu hudhani niliungua jikoni.

Na majirani nao hawakunisaidia. Kwetu mchwa hawaachi kitu, na oili chafu ndiyo iliyokuwa dawa ya nguzo. Mtu akianza kujenga, alikuja na kopo kumuuliza baba kwa heshima ya kwetu, "Waitu, mnamwaga lini?" Baba alifurahi sana kuombwa. Kuna wakati tulimwaga mapema kwa sababu mtu anapaua, na kuna wakati tulichelewa kwa sababu aliyeahidiwa hajapata nguzo. Nilipaza sauti kwamba gari halimwagiwi oili kwa ratiba ya nyumba za watu. Niliambiwa nina roho mbaya.

Kupata hiyo oili mpya nako kulikuwa kazi. Miaka ile ilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Ilitoka mpakani kwenye madebe yasiyo na maandishi, na muuzaji akakuapia kwamba ni namba arobaini, au hamsini, kutegemea wewe unataka ipi. Baba alidondosha tone juu ya jani la mgomba lililoinamishwa. Likiteleza upesi alikataa, "Hii maji." Likijikokota alilipa. Alipenda nzito, na mara moja alinunua oili ya gia, ile namba tisini, akaichanganya humo humo. Moshi ulipungua kwa wiki mbili na akatembea kijijini kama daktari. Mimi nilishika kitabu changu kilichosema namba thelathini, ile nyepesi, nikasaga meno.

Hivyo tulikwenda miaka sita. Nusu chafu, nusu mpya, na ile nusu mpya nayo ikawa chafu kabla ya wiki kwisha.

Kisha baba akaalikwa upande wa Nyakasimbi kwenye mambo ya mahari ya binti wa ndugu yake, siku tatu. Alipotoweka tu kwenye kona, nilitoa debe la namba thelathini nililokuwa nimelificha chini ya kitanda. Nililala chini ya gari nikafungua nati, na safari hii hakuna aliyesema basi. Nikaacha itoke mpaka tone la mwisho. Sikuridhika. Nikamimina dizeli ndani, nikawasha injini ikanguruma kidogo ikijisuuza, nikaimwaga nayo. Ilitoka nyeusi kama mchuzi wa sufuria iliyoungua. Nikaweka oili mpya, safi, ya kitabuni. Majirani walijaza makopo mpaka wakakosa makopo. Nilipoiwasha ilizunguka laini, bila kelele. Nakiri niliimba.

Baba aliporudi alichomoa kijiti. Oili ilikuwa nyeupe mno hata alilazimika kukielekeza kwenye jua ili aione.

"Umeiosha," alisema.

"Ndiyo, Tata."

Alikirudisha kijiti akaingia ndani. Usiku huo furaha ilininyima usingizi.

Siku ya kliniki mama alikaa mbele, mguu wa kushoto juu ya mto. Tulikuwa tumeanza kupanda mlima wa pili injini ilipoanza kugonga. Kwanza polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha kwa nguvu, kisha ikakakamaa na gari likasimama papo hapo. Taa ya oili haikuwaka kwa sababu nayo ilikuwa imekufa zamani. Tulikaa kando ya barabara mpaka alasiri, lori la ndizi za bitoke likaturudisha nyumbani. Kliniki ikapita.

Tulimwita fundi kutoka Nyakasimbi. Alifungua bakuli la chini ya injini akatuita wote wawili tuchungulie. Kulikuwa na tope jeusi, zito, unaloweza kulikata kwa kijiko. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa lote.

"Mzee," alimwambia baba, "tope hili umelifuga wewe kwa miaka yote hiyo ya nusu nusu. Na wewe mwalimu umelibandua kwa siku moja, likashuka likaziba koo. Lingetolewa tangu mwanzo, gari lingeishi. Lingeachwa lilipo, gari lingejikongoja bado. Mmeliua mkisaidiana."

Nilimwonyesha kitabu. Alikifunua akatabasamu. "Hiki kiliandikwa injini ikiwa mwali. Huyu ni bibi. Bibi humpi namba thelathini."

Baba alisikia nusu ya maneno hayo, mimi nikasikia nusu nyingine. Jioni hiyo hiyo alikuwa akieleza wageni kwamba fundi amesema gari limeuawa na dizeli. Nami nilikuwa nikiwaeleza wageni hao hao kwamba fundi amesema limeuawa na tope.

Fundi aliahidi kututafutia injini nyingine iliyotumika. Mwezi ukaisha, wa pili nao ukaisha. Injini haikuja, lakini tulishaanza kugombania oili yake. Baba alitaka namba hamsini tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka kwenye kitabu, nikataka arobaini, na imwagwe yote kila baada ya kliniki mbili. Tuligombana mezani, tuligombana tukitoka kanisani, na asubuhi moja ya Jumanne tuligombana barazani tangu chai mpaka jua lilipokuwa juu ya migomba. Nilikuwa nimechukua kijiti nachora hesabu chini.

Jirani mmoja akaingia uani akisukuma baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimempita mama njiani. Nikamwambia apande nyuma, akasema mguu ukining'inia unamuuma zaidi. Anakwenda wapi na mguu ule?"

Baba alitazama mlango wa jikoni. Mimi pia. Tulidhani yuko ndani. Kulikuwa na kikombe chake tu, kimefunikwa, na kadi ya kliniki haikuwa pale inapokaa ukutani.

Tulimkuta njiani, amekaa juu ya jiwe, mwavuli umelala kando, anakaza upya kitambaa kwenye mguu. Kandambili ya kushoto alikuwa ameikata ili kidonda kipumue. Baba alianza kusema kitu kuhusu fundi, kwamba wiki ijayo huenda akaleta injini.

"Rudini mkamalize maneno yenu," alisema mama. "Miezi miwili nimewangoja mkubaliane. Mguu haungoji."

Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, na hata barabara kubwa alikuwa bado hajaifikia.