Shukrani za Zagabe ku Telefone

Mudogo wangu Zagabe ni mwalimu wa hesabu, na akikasirika, hata kuku za jirani zinanyamaza. Mimi Domitille, dada yake mukubwa, naishi naye kiwanja kimoja hapa Nyalukemba tangu aoe, basi sikuhadisiwa na mutu. Tangu vita ilipoingia mujini, alizidi. Chumvi kidogo mu mboga ya sombe, kelele. Mutoto amekohoa, kelele. Siku moja muke wake Ornella, mama ya Charlène na mudogo wake Gloire, akamwambia wazi: "Papa Charlène, kama hatuwezi kuongea sawa batu, mimi narudi kwetu Luberizi."

Mwanaume mwingine angeomba musamaha, mambo yaishe. Zagabe akajiandikisha masomo ku intaneti! Majuma tano ya kujifunza kuamusha furaha mu roho, ati stresi ipungue. Asubuhi anafunga macho, anapumua na pua, anahesabu mupaka kumi, na Ornella anaruka miguu yake na beseni ya maji ku kichwa. Kila siku anaandika mu telefone vitu vitatu vizuri vya siku ile, anacheka peke yake. Ukimwita kula: "Ngoja, niko mu zoezi ya furaha." Aka!

Simuteti yule maman anayefundisha. Nilisikia sauti yake: alisema umutendee mutu wa karibu jambo moja nzuri. Alisema vizuri sana. Zagabe akatuma salamu ku kundi ya wanafunzi wenzake, wakamurudishia mioyo nyekundu kutoka Abidjan. Mutu wa karibu njo huyo wa Abidjan!

Kelele zilipungua, sikatai. Lakini Ornella akimuuliza jambo, anainua mukono, anapumua, anatoka inje. Nyumba ikawa kimya, na kimya ile ilikuwa mubaya kuliko kelele. Juma la tano likiisha, Ornella akamwita baba yake.

Muzee Bisimwa akapanda kutoka Luberizi na mufuko wa muchele, mutu wa heshima. Kwetu kikao ya namna ile inajulikana: mwanaume anakaa chini mbele ya wakwe, anatoa kasha ya bia, anakubali kosa, anaomba muke wake. Maneno matatu tu. Bia nilikuwa nimeiweka tayari mimi mwenyewe.

Huyu akasimama na telefone. "Papa, mimi nimebadilika. Niko na ushahidi."

Akaanza kusoma shukrani zake, kifua mbele, sawa katekista siku ya Pasaka. "Siku ya kwanza: kura ya umeme ilirudi. Jua ilipendeza ku ziwa. Kahawa ya moto. Siku ya pili: mukubwa wa shule alinisifu..." Nilitamani ardhi inimeze, haki ya Mungu.

Muzee alimuacha amalize siku saba nzima. Kisha akauliza pole pole: "Mukwe, mutoto wangu uliandika jina yake siku gani?"

"Iko, Papa. Ngoja."

Akatafuta. Kidole kinapanda, kinashuka. Siku makumi tatu na tano, vitu vitatu kila siku. Yeye njo mwalimu wa hesabu, afanye mwenyewe. Kahawa ilikuwemo. Shati yenye pasi ilikuwemo. Batoto kwenda shule safi ilikuwemo. Aliyepika, aliyepiga pasi, aliyeogesha, hakuna mahali. Ornella alikuwa ameinua macho, na niliona anatumaini, maskini, hata mara moja tu. Roho iliniuma.

"Labda juma la tatu," Zagabe akasema. Akafunga macho na kuanza kupumua na pua, mbele ya muzee wa watu!

Ornella hakulia. Akamufunga Gloire mugongoni, akaingia chumbani, akatoka na nguo zake zimeshafungwa.

"Muchele inabaki," Muzee Bisimwa akasema. "Utapika, mukwe."

Zagabe akanigeukia. "Yaya, dada yangu, sema nao kitu! Wewe wanakusikiliza."

Nilimutazama huyo mudogo wangu niliyemubeba mugongoni. Kisha nikamushika Charlène mukono, nikamufungulia muke wake mulango.