Kitambaa Chekundu cha Mtungi wa Maziwa

Mama yangu huuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na mimi ndiye mwandishi wa daftari lake la hesabu. Niliacha shule kidato cha pili, lakini kujumlisha na kutoa kulinikubali. Nyuma ya daftari nilikuwa nimechora duka letu la siku za usoni: friji mbili, mlango wa kioo, na mimi kwenye kiti kinachozunguka. Hooyo, ndivyo ninavyomwita mama, akiuona mchoro ule hucheka, anauliza umeme utalipwa na nani.

Maziwa hutoka upande wa Habaswein, huja na gari asubuhi kwenye mitungi ya plastiki. Mitungi yote ni ya manjano, kwa hiyo kila mama anayetuletea maziwa hufunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa mtungi. Daftarini niliandika hivyo hivyo: kijani, machungwa, nyekundu. Kila Alhamisi tunajumlisha na kuwatumia pesa kwa simu.

Mwenye nyekundu ni mjane ninayemwita eeddo, yaani shangazi, ingawa ni heshima tu. Kiangazi kile pesa yetu ndiyo iliyomnunulia maji ya lori, yake, ya ngamia na ya mbuzi wachache waliobaki. Alhamisi moja akapiga simu. Aliuliza kwa upole kama pesa nyingine inakuja, maana alituma mitungi saba na amelipwa minne.

Hooyo alinigeukia. Nikafungua daftari: minne. Hesabu ya wiki nilikuwa nimeshaifunga, mitungi iliyopokewa na iliyolipwa ikalingana kabisa, na nilikuwa najivuna nayo. Nikasema, simu ikiwa bado wazi, "Mwambie daftari halidanganyi."

Eeddo akasema, "Haya," akakata.

Jumamosi mtungi wake haukuja. Dereva alisema ameambiwa maziwa yale sasa ni ya muuzaji mwingine, meza ya tatu kutoka kwetu. Hooyo hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nilijumlisha tena kwa kalamu, kwa simu, kwa vidole. Hesabu ililingana kila mara. Hapo ndipo moyo ulipoanza kunisumbua, kwa sababu eeddo sijawahi kumsikia akidai kisicho chake.

Jumatatu nilikuwa naosha mitungi ya wiki ile kabla gari halijairudisha. Mmoja wa machungwa fundo lake lilikuwa limelegea, nikalifungua nilikaze. Ndani ya fundo, pale ambapo jua halikufika, kitambaa kilikuwa chekundu kama pilipili. Nikafungua mwingine, na mwingine. Mitatu.

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Jumla yangu ilikuwa sahihi kweli. Ila maziwa ya mama mmoja nilikuwa nimemwandikia mwingine.

Mwenye machungwa ni bibi mzee. Alidhani ile ziada ni sadaka ya Hooyo kwa sababu ya ukame, akainunulia unga yote. Hooyo alisema hatumdai, ameshatuombea dua na ameshakula. Kisha akanitazama. Nikaenda kutoa akiba yangu ya friji bila kuambiwa, nikamtumia eeddo pesa ya mitungi mitatu.

Nilipompigia eeddo, nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliyotoka ni haya: "Eeddo, nilikosea mimi. Kitambaa kilipauka, nami sikuangalia."

"Pesa nimeiona, Mungu akubariki," alisema. "Lakini lori la maji lilikuja siku ile likaondoka, pesa yangu ikiwa haijatosha. Na simu yangu ilikuwa na sauti ya juu, mwanangu. Majirani wote walisikia nikiitwa mwongo."

Nikamwomba awaite, nirudie kosa langu wakisikia. Akasema wengine wameshahama na mifugo yao.

Siku hizi hutuletea mtungi mmoja kwa wiki. Mingine inapita mbele yangu kwenda meza ya tatu. Ule wetu ukishushwa garini, nalifungua fundo kwanza, naangalia ndani, ndipo naandika.