Fundi wa Kuchomelea, Mama Mkwe Wake na Ukoo wa Bwana Kutu

Maduka ya jirani hayajafunguliwa, na tayari Bwana Kutu amepiga magoti mbele ya geti la mteja akilisugua kwa msasa. Huyu ndiye mwovu anayeogopwa kuliko wote katika vitabu vya katuni vinavyouzwa kwenye vibanda vya magazeti. Akigusa daraja, linaoza. Akigusa gari, linabaki vumbi jekundu. Asubuhi hii amegusa bawaba, na bawaba inazidi kung'aa.

"Usiliguse sana, litakatika!" anapaza sauti kinyozi wa mlango wa pili, akipita na ndoo ya maji.

"Pita zako, shujaa," anajibu bila kuinua kichwa. "Leo sina nafasi ya kupigwa."

Wanaozifahamu hadithi hizo wanajua kwamba kinyozi ndiye Chumapua, shujaa anayemshinda Bwana Kutu katika kila toleo. Kwa kweli si yeye. Ni sura yake tu. Vivyo hivyo, Bwana Kutu ni sura ya huyu fundi wa kuchomelea, baba wa watoto watatu, ambaye hajawahi kumdhulumu mtu hata msumari.

Chanzo cha yote ni mchoraji anayepanga chumba cha ghorofani, ng'ambo ya barabara. Mchoraji huyo ana kipaji kikubwa na kilema kimoja: hawezi kuchora uso asiouona. Akiambiwa achore simba wa kufikirika, atamchora. Akiambiwa achore mtu, lazima achungulie dirishani.

"Siku hiyo umeme ulikatika katikati ya kazi," fundi anakumbuka. "Nikanyanyua kinyago changu, nikakunja uso, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Kumbe jamaa yuko dirishani na penseli."

Uso ule uliokunjwa ulipendwa na wasomaji. Hapo ndipo matatizo ya ukoo yalipoanza, kwani mchoraji huchora tu. Maneno huandikwa na watu wengine, na kila mwandishi anayeingia huja na jamaa zake.

Mwandishi wa kwanza alieleza kwamba Bwana Kutu ni yatima aliyeokotwa katika jaa la vyuma chakavu. Wateja walimhurumia fundi kwa dhati. Baba yake mzazi, ambaye ni mzima wa afya, alifunga safari hadi karakana na kuuliza: "Mimi nimekufa lini, na mbona sikupewa taarifa?"

Mwandishi wa pili aliufuta uyatima. Kwake, Bwana Kutu ni pacha wa Chumapua, waliotenganishwa siku ya kuzaliwa. Kinyozi, ambaye ni mwembamba kama ufito, alikuja na jarida mkononi na kumzunguka fundi mara mbili. "Pacha?" alisema. "Basi tumboni chakula chote ulikula wewe."

Haya yote fundi aliyachukulia kama mzaha wa mtaani. Mwandishi wa tatu ndiye aliyevunja nyumba.

Katika simulizi ya mwandishi huyo, Bwana Kutu hakuwa yatima wala pacha. Alikuwa mume wa mtu, tena mkwe wa mtu, na katika ukurasa wa kati alimfungia mama mkwe wake ndani ya sefu, kisha akaiuza sefu hiyo pamoja naye. Mchoraji alipohitaji uso wa mama mkwe, alichungulia dirishani kama kawaida. Kwa bahati mbaya, siku hiyo mama mkwe halisi wa fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karakana, akisubiri mpini wa sufuria yake uungwe.

Mama huyo alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia. Mwalimu wake aliona kwamba picha zinarahisisha usomaji, hivyo akawaletea wanafunzi majarida ya katuni, kila mmoja asome ukurasa kwa sauti. Zamu ya mama ilipofika, alifungua jarida na kujikuta ndani ya sefu.

Hakulifunga. Alisoma hadi nukta ya mwisho, kidole chini ya mstari, silabi moja baada ya nyingine, wakati darasa zima likiuma midomo. Kisha alikunja kanga yake vizuri, akaketi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa binti yake.

"Nilimwambia, mama, ni hadithi tu," anasimulia mke wa fundi. "Akanijibu, 'Maisha yangu yote nimesomewa na watu. Hili nimelisoma mwenyewe, kwa macho yangu. Lisemwalo lipo, na hili halikusemwa, limeandikwa.' Sasa hapo unamjibu nini?"

Jambo hilo lingeweza kuachwa lipoe lenyewe, lakini mke wa fundi alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Katika uzazi wa kwanza na wa pili, mama yake ndiye aliyemshika mkono, akamkanda, akamwogesha mtoto. Safari hii alisema wazi kwamba bila mama yake hatazaa.

"Mtoto hasubiri, mke wangu," fundi alimsihi.

"Huyu atasubiri. Ni wa kwangu, ana kiburi."

Fundi alipanda ngazi hadi chumbani kwa mchoraji, jasho likimtiririka. "Nitoe katika ukoo huu," alisema. "Nirudishe jaani. Nilikuwa yatima mwenye raha zake."

"Ukoo si kazi yangu, kaka," mchoraji alijitetea. "Ila mwandishi amekubali kumtoa mama kwenye sefu. Nimekwama mimi. Nilimwona amekaa tu, sijamwona akitoka mahali. Siwezi kumchora anatoka."

"Basi twende ukamwone."

Mama mkwe aliwapokea mlangoni, majarida matatu mkononi. Hakuwakaribisha viti. Alimtazama mchoraji kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ndiye uliyenitia kwenye sanduku?"

"Ndiyo, mama, lakini maneno..."

"Nyamaza, ninasoma." Alifungua la kwanza. "Hapa, yatima." Akafungua la pili. "Hapa, ana pacha. Yatima mwenye pacha shujaa, na pacha hamtafuti? Hapa, ana mke, ana mkwe. Harusi ilifanyika lini? Nani alimsimamia, na wazazi hana? Mtu mmoja ana koo tatu, na koo zote tatu zina aibu! Wewe ulilelewa na nani, mwanangu?"

Mkono wa mchoraji ndio uliojibu. Mama alisema kwa kidole, kwa nyusi, kwa mabega. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Fundi aliona kwa hofu kwamba penseli ilikuwa imetoka mfukoni na ilikuwa inakwenda mbio.

"Nikasema basi," fundi anakumbuka. "Sasa mama ndiye atakayeniuza. Na sefu sihitaji, atanibeba hivi hivi."

Michoro ile ilimfikia mwandishi wa tatu. Inasemekana alichana kila alichokuwa ameandika. Toleo lililofuata lilipotoka, wasomaji walipigwa na butwaa. Sefu ilifunguka, mama mkwe akatoka na kidole juu, na Bwana Kutu akapiga magoti mbele yake. Kumbe hakuwahi kuwa mwovu mkuu. Alikuwa mtumishi tu. Aliyepanga kila jambo tangu toleo la kwanza, aliyeozesha madaraja na kuwazungusha polisi, aliyeamuru afungiwe ili asishukiwe, alikuwa mama mkwe.

Fundi alilificha jarida chini ya debe la rangi. Haikusaidia kitu, kwa sababu darasani lilikuwa limekwisha kusomwa.

Jioni ileile, mama mkwe aliingia nyumbani na furushi lake kichwani. Binti yake alilia. Fundi alibaki ameshika koleo, hajui aliweke wapi.

"Umeona?" mama alimwambia binti yake, akitua furushi. "Hakuniuza. Mimi ndiye niliyemtuma, na yeye akatii. Wakwe wa namna hiyo wamebaki wangapi?"

"Lakini mama, wewe sasa ndiye jambazi."

"Jambazi si neno zuri," alikubali. "Lakini mkuu wa majambazi ni cheo. Chemsha maji."

Mtoto alizaliwa usiku uleule, wa kike, kana kwamba kweli alikuwa akimngoja mtu. Bibi yake ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga, na kwa maelezo ya baba, hajamwachia mtu mwingine tangu wakati huo.

Leo, geti la mteja likiwa limekamilika, fundi anasimamisha mbele ya mlango wa nyumba yake, iliyo ubavuni mwa karakana, pazia la bati, refu kuliko mtu, lenye miguu ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Amelipima kutoka kila pembe ya dirisha lile la ng'ambo. Nimemuuliza linazuia nini, jua au vumbi.

"Penseli," anasema. "Mimi nimekuwa yatima, pacha, muuza watu na sasa mtumishi. Nimezoea. Lakini huyu mdogo nataka akue akijua ana baba mmoja na kisa kimoja. Akitaka visa vingine, ajiandikie mwenyewe akishajua kusoma. Bibi yake ameahidi kumfundisha."

Anashusha kinyago na kuchomelea mguu wa mwisho. Cheche zinaruka. Anapokinyanyua, mama mkwe amesimama nyuma ya bati na mtoto kifuani, akilikagua pazia kuanzia chini hadi juu.

"Ondoa kitu hiki," anasema. "Kinamkinga mtoto na dirisha. Mchoraji atamwonaje? Sura hii ni ya kutawala."

Fundi anatazama bati, anatazama dirisha la ghorofani, ambako pazia la kitambaa limeanza kutikisika. Kisha anainama na kuchukua grinda ya kukatia bati.

"Nitaacha kitundu, mama," anasema. "Kidogo."