Mkungu wa Al Wakrah

Nyumba niliyofanya kazi za ndani Al Wakrah, ng'ambo kwa Waarabu, ilikuwa na mti mmoja wa mkungu uani. Kila baridi ikiingia, majani yake yaligeuka manjano, yakawa mekundu, yakadondoka. Mtoto wa nyumba hiyo, msichana wa darasa la tano, alinieleza alivyofundishwa shuleni. Ule ukijani huvunjika, mti ukakirudisha ndani chakula kilichokuwa kwenye jani. Umanjano ulikuwamo siku zote, umefunikwa tu. Wekundu ndio unaotengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki. Jani likishakamuliwa, linaachiwa.

"Kama mimi," nikamwambia. Hakunielewa, na afadhali.

Mwaka huo binti yangu alikuwa anaolewa Tanga. Mama, ndivyo sisi wafanyakazi tulivyomwita bibi wa nyumba hata kama umemzidi umri, alishaniahidi kwamba Baba, mumewe, atanisainia ruhusa ya kutoka nchini, maana bila saini ya mwajiri mfanyakazi hatoki. Nilishanunua hadi vitu vya kumtunza bi harusi.

Sasa kwetu Tanga, uwanja mchafu ni aibu ya mwanamke. Alfajiri moja nikafagia majani yote, nikayatia kwenye pipa, gari la taka likapita. Kumbe mtoto alikuwa ameyachagua yale mekundu na kuyaweka chini ya mti kwa ajili ya maonyesho ya shule. Hakuna aliyeniambia. Juu ya mti yalibaki mabichi tu.

Mama alifoka mpaka majirani wakasikia. Halafu akachuma yale mabichi, akasema baridi ndiyo inayoyafanya mekundu, akaniamuru niyatie kwenye friza. Mtoto alimwambia jani likishakatwa haligeuki hivyo. Nani amsikilize? Yalitoka meusi, yamelegea kama mchicha wa juzi. Na hayo pia nikabebeshwa mimi, eti nimeyaharibu makusudi.

"Safari hakuna," akasema. "Jifunze kwanza kufuata maneno."

Nilipiga magoti jikoni, mtu mzima mimi. Baba alikuwa anakunywa chai. Akaniambia kwa upole niongee na Mama. Niliwachukia wote wawili, na yeye mpole nilimchukia zaidi.

Siku ya harusi, shangazi wa binti yangu ndiye aliyesimama mahali pangu. Nilipiga simu huku napiga pasi mashuka. Binti yangu akauliza nimefanya kosa gani mpaka wanizuie.

"Nimefagia majani," nikamjibu.

Akasema, "Mama, kama hukutaka kuja, ungesema tu."