Ng'ombe wa Agneta

Agneta alikunywa chai akiwa amesimama. Hata akivutiwa kiti mpaka kikamgusa magoti, alishukuru, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa wima karibu na mlango. Mazoea hayo aliyapata kwa mama mkwe wake, ambaye hakuweza kumwona mke wa mwanawe ameketi bila kumtuma kuni au maji. Ndoa ilipovunjika aliondoka na mazoea hayo. Sellah, mke wa kaka yake, yalimkera kuliko matusi. Aliona ni kama anaambiwa viti vyake vinanuka.

Lakini Sellah alikuwa na sababu nyingine ya kutomtaka wifi yake nyumbani. Mwaka 1983 Wabwile, mume wa Agneta, alileta mwanamke mwingine, akamwambia Agneta ahamishie vitu vyake jikoni. Agneta alivihamisha, lakini hakuishia jikoni. Alipita na gunia kichwani mchana kweupe, majirani wakimtazama, akaja mpaka Chwele kwa kaka yake Jotham. Siku hiyohiyo akasema neno moja tu: ng'ombe wa mahari warudishwe kwa Wabwile, ndoa iishe. Bila hivyo, kwa desturi ya kwao, angeweza kukaa mbali hadi mvi zimwote na bado awe mke wa mtu. Akichuma, alichochuma ni cha mume. Akifa, anazikwa kwa mume.

Shida ni kwamba ng'ombe hao hawakuwapo. Baba yao, kabla hajafa, aliwapokea kutoka kwa Wabwile na kuwapeleka Lugulu kwa kina Sellah, ndipo Jotham akapata mke. Kila aliyetaja habari ya kurudisha alijikuta anamtazama Sellah, naye Sellah alijiona kama mnyama anayepimwa mnadani.

"Baba yangu hajaita mtu akuje kuchukua ng'ombe," alisema. "Na mimi sirudi kwetu ati kwa sababu mtu ameshindwa na bwana."

Jotham alikohoa, akatoka kwenda kuwaangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Agneta akaenda zake Kitale. Sellah akakaa akingoja habari: kwamba amekonda, kwamba anakunywa, kwamba ameonekana na madereva wa malori. Habari zilizokuja hazikuwa hizo. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mahindi ya mbegu, aking'oa mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mhindi, pamoja na wanawake wengine, na baadaye akafanywa nyapara wao. Kisha alikodi kipande cha shamba nje ya mji, akapanda vitunguu na kuviuza mwenyewe sokoni. Akaingia kwaya. Krismasi alikuja Chwele na viatu vipya na mashavu yaliyojaa, akanywa chai yake pale mlangoni, na Sellah akaona huo ni ujeuri mtupu. Mwanamke aliyeachwa, kwa maoni yake, alipaswa angalau aonekane hivyo.

Akamwuliza mbele ya wageni kama huko Kitale hakuna waganga wa kutibu wanawake wenye kukataliwa.

"Wako, Mama Nanjala," Agneta akamjibu Sellah. "Lakini laini ya kungoja imejaa wenye wameolewa."

Wageni walicheka mpaka wakaweka vikombe chini. Sellah hakusahau kicheko kile. Siku moja ya soko alikutana na Wabwile pale Chwele, akamweleza ni upande gani wa soko la Kitale mke wake anauza vitunguu. Moyoni alijiambia anafanya jema. Wakirudiana, maneno ya ng'ombe yatakwisha, na yeye atalala usingizi kwake.

Wabwile alikwenda na pikapu, akapakia vitunguu vyote, akaketi juu ya magunia. Agneta alikimbilia kwa askari. Askari alimwuliza kama mahari imerudishwa. Aliposema bado, yule mtu alicheka, akamwambia aende akaongee na mzee wake nyumbani.

Agneta hakuuliza ni nani aliyemwelekeza Wabwile. Alikuja tu Chwele, akasimama mlangoni na kikombe chake, akamtazama Sellah mpaka Sellah akakosa pa kuweka macho. Kisha akarudi Kitale kuanza kazi ya ndama. Mashamba makubwa ya maziwa hayakuwa na haja na ndama dume, yaliwatoa karibu bure. Agneta aliwachukua, akawafundisha kunywa kwa kuwatia vidole mdomoni. Wengi walikufa. Waliopona aliwalea wakawa mafahali, na kila fahali aliyekomaa alimbadilisha sokoni kwa mtamba. Kazi hiyo ilimchukua mpaka mwaka 1991.

Siku alipowaswaga mitamba wake hadi kwa Jotham, kwa kuwa lazima mkono wa mwanamume wa ukoo ndio uwakabidhi, Sellah alimvuta mumewe nyuma ya ghala. Alimwambia kilichoingia bomani ni cha mwenye boma. Wabwile amengoja miaka yote hii, si angoje tu. Tayari Sellah alikuwa amemchagua wa kumkamua akizaa. Jotham alianza kujikuna shingo, na Sellah alijua maana yake ni kwamba amekubali.

Waliporudi mbele, baba wadogo wa Wabwile walikuwa wamesimama langoni pamoja na liguru, mkuu wa kijiji. Agneta alikuwa amewaita kabla hata ya kumwita kaka yake.

"Fungua, Jotham," alisema. "Hawa ng'ombe hawalali hapa."

Jotham akafungua. Akashika kamba ya ng'ombe wa mbele, akamtoa nje, wengine wakafuata. Mmoja wa wazee akatamka, watu wote wakisikia, kwamba Agneta si mke wao tena, awe hai au amekufa. Wabwile mwenyewe hakuja. Alimtuma mtu kulalamika kwamba mmoja ana pembe iliyovunjika.

Agneta alizikwa mwaka 1998 huko Kitale, kwenye shamba alilokuwa ameshalinunua, na hakuna mtu wa Wabwile aliyekuja kudai maiti. Sellah alihudhuria, akaketi nyuma kabisa. Wawili hao hawakuwa wamesemezana tena tangu siku ile ya ng'ombe, Sellah aliposimama langoni na kumwambia wifi yake kwamba ameiaibisha nyumba ya kaka yake mbele ya watu.

Siku ile, pale langoni, Agneta alijifunga leso upya, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wabwile amepata zake," alisema. "Kwa hivyo zile ziko kwa baba yako ni zangu. Si Jotham alikuoa, Mama Nanjala. Ni mimi. Na mimi bado sijakuacha."