Gunia Sita za Nyanjige

Nyanjige binti Maganga alikuwa na miaka ishirini na moja alipofika kidato cha nne, maana alianza shule akiwa ameshachunga ng'ombe wa baba yake kule Migato mpaka akalizidi dawati. Hilo halikumsumbua. Shuleni alifuata kitu kimoja, cheti. Nuruddin, mnunuzi wa pamba pale Bariadi mjini, alimwambia bila kuzunguka: "Dada, mizani unaijua na wakulima wanakusikiliza, lakini kampuni haiandiki karani asiye na cheti. Jumatatu ukija nacho, kiti hiki chako. Usipokuja nacho, nampa mwingine." Nyumbani nako kulikuwa na watu waliokwisha kutaja mahari ya ng'ombe ishirini na tano. Baba yake aliwaambia wasubiri mahafali yapite.

Shule ile ilikuwa ya kilimo, na sharti lake lilijulikana wilaya nzima: usipoonyesha kwa mikono yako kwamba kazi unaiweza, cheti hakitoki. Kila mmoja alipewa lundo la pamba na saa moja, aitenge, safi huku, fifi kule, yaani ile ya manjano iliyoliwa na wadudu. Msimamizi alikuwa mwalimu Joakim, aliyewahi kuwa mkaguzi wa pamba enzi ushirika ndio mnunuzi pekee.

Zamu yake ilipofika, siku moja kabla ya mahafali, Nyanjige alipiga magoti, akakumba lundo lote, akalishindilia kwenye gunia, akalikanyaga, akashona mdomo. Hata robo saa haikufika.

"Fifi iko wapi?" mwalimu akauliza.

"Imo humo, mwalimu."

"Humo na nani?"

"Na wenzake."

Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu, subiri risiti!" Marcelo akapiga kelele kutoka nyuma. "Huyo ni karani wa Nuruddin!"

Nyanjige hakuwa anatania. Likizo mbili mfululizo alikuwa amesimama kwenye mizani ya Nuruddin, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, bei ilikuwa moja kwa pamba yote. Ukikaa kutenga, jirani yako ameshauza na yuko njiani kurudi. Mikono ilikuwa imefanya ilichozoea kabla kichwa hakijaulizwa.

"Sokoni siku hizi hawatengi," alisema.

"Basi nenda sokoni wakakupe cheti."

Alitazama gunia. Hakulia, wala hakusikia hamu ya kulia. Alianza kupatana.

"Niongezee muda, mwalimu."

"Hapana."

"Nirudie kesho."

"Kesho ni mahafali."

"Wakati wa mahafali, basi. Na si lundo hili. Pamba iliyolala bohari haijaguswa, nitaitenga yote."

Joakim akatazama upande wa bohari. Pamba ile ilikuwa imelala tangu Julai na mkuu wa shule alikuwa akiiulizia kila Ijumaa. "Gunia sita," alisema mwishowe. "Peke yako. Mtu akikugusia hata kipande kimoja, tumemalizana."

"Sita. Na sahihi yako hapohapo."

Kesho yake alfajiri alimwaga gunia la kwanza kwenye turubai. Saa nne kwaya ilianza bwaloni. Alisikia majina yakiitwa, la kwake likarukwa, akaendelea. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ndani yake palikuwa hivyo hivyo.

Mama yake, Nyamizi, alifika adhuhuri kutoka Migato, jogoo kwapani, kitenge kipya kiunoni. Alikuwa amemtafuta bwaloni kote.

"Mwadila, mayu," Nyanjige alimwamkia kwa Kisukuma bila kuinuka.

Nyamizi hakuuliza. Miaka ishirini alikuwa ametenga pamba barazani kwake. Alimweka jogoo chini, akachuchumaa, na mkono ukaenda wenyewe kwenye lundo. Joakim alikuwa amesimama mlangoni.

Nyanjige akampiga mama yake mkono. Kwa nguvu.

"Toa, mayu. Ukigusa nimeshindwa."

Mwanamke yule hakuwahi kupigwa na mtoto wake. Alimtazama Nyanjige, akamtazama mwalimu, kisha akaikunja mikono ndani ya kitenge na kukaa hivyo mpaka jua lilipoegemea. Nyanjige hakuomba radhi. Gunia lilikuwa la tano.

Alipomaliza, Joakim alizamisha mkono kwenye lundo la safi mara tatu. Mara ya tatu akatoa kipande cha manjano, akakigeuzageuza, akakitupa upande wa fifi. Akaandika "Ameweza", akatia sahihi, akaenda ofisini kukileta cheti.

Bwaloni wali ulikuwa umekwisha. Mama na mwana wakatoka langoni.

"Huko kazini mtakuwa mnatenga hivi?" Nyamizi aliuliza.

"Hapana, mayu."

"Sasa umefundishwa nini?"

"Nimepewa cheti."

Nyamizi akamhamishia jogoo kwapa lake la pili, lile la mkono ambao haukupigwa.