Kumfuata Verediana Luvungi

Niliondoka Bukavu kumfuata Verediana, maana nilikuwa nimebaki naye peke yake. Miaka yote niliyowasimamia wasichana wetu katika wodi ya uzazi, niliwafundisha wengi kuzalisha, na wengine wote waliniponyoka kwa njia moja, ndoa. Verediana alikuwa amepelekwa zahanati ya Luvungi akomae kikazi. Miguu yangu ilishachoka, na masera mkuu, mtawa wa Kizungu aliyetuongoza, alisema waziwazi: nikimleta Verediana, wodi ataachiwa yeye, nisipomleta, ataitwa mtawa kutoka Ulaya, na darasa la wasichana litafungwa. Kisha habari ikafika sokoni kwetu Kadutu kwamba Verediana ameolewa. Nikafunga mzigo.

Asubuhi, mtaani kwetu Cimpunda. Jirani yangu Papa Fidele, dereva wa lori, alinipa nafasi mbele.

"Maman Agata, ule mutoto ameisha kuolewa. Unaenda kufanya nini kule?"

"Naenda kumuuliza yeye mwenyewe."

"Na bwana yake?"

Nikatazama barabara.

Nyantende tulisimama kupakia maharagwe. Mama mmoja alinitambua, akaninyanyulia mtoto niliyempokea mwenyewe siku alipozaliwa. Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo niliwaza tu ni nani atakayempokea mdogo wake.

Kwenye mteremko wa Ngomo tulingoja malori yaliyokuwa yakipanda, maana njia ni nyembamba. Chini, joto la bonde la Ruzizi lilitulaki, na mashamba ya pamba yakaanza.

Luvungi, mchana. Zahanati ilikuwa na kufuli. Barazani mwanamke alikuwa ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, mama yake akimpepea. Walinionyesha nyumba ya Verediana, ng'ambo ya uwanja. Mlangoni mama mkwe wake alikuwa amekaa juu ya kigoda.

"Karibu, maman. Lakini bibi-arusi haonekane. Kwetu anakaa ndani mpaka wazee wamutoshe inje."

"Kuko mwanamuke anazaa pale, maman. Na ile kazi ni ya Verediana."

"Nimemusikia. Hata mbele ya kujenga hii zahanati tulikuwa tunazaa."

Aliniambia bila ubaya, na hilo liliniumiza zaidi. Nikaita kwa sauti: "Verediana, toka unisaidie. Kisha tutarudi wote Bukavu."

Akanijibu kutoka ndani: "Maman, nikitoka leo, sitakuwa tena na nyumba hapa. Na kwetu hawatanipokea." Mkono wake ukapita chini ya pazia la mlango, umeshika ufunguo. "Mikasi nilishachemsha. Iko mu kabati."

Nilifanya kazi peke yangu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kumzalisha mama pia ni shida. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni, na kabla sijamtuliza mama yake ili niifungue, mtoto alikuwa amelegea. Nilimpulizia pumzi mpaka mimi mwenyewe nikaishiwa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Niliporudisha ufunguo, Verediana aliuliza kutoka ndani: "Alilia, maman?"

Nilimwambia hapana. Nikamsikia akilia yeye, huku mama mkwe, juu ya kigoda chake, akiinamisha kichwa bila kuondoka mlangoni.

Nilirudi Bukavu na lori lilelile. Masera alitazama nyuma yangu, akaona sikufuatana na mtu. Hakunigombeza. Wiki hiyohiyo mabenchi ya darasa letu yalipelekwa stoo. Ndipo nilipoelewa kwamba nilijua kumfundisha msichana kila kitu isipokuwa namna ya kutoka nje ya mlango ule, maana hata mimi siijui.

Verediana alitolewa ndani zamani, sasa analima pamba na mumewe. Papa Fidele bado hupita Luvungi, na kila akirudi hunifikishia swali lilelile la Verediana: "Darasa limefunguliwa?"

Namwambia amjibu: bado.